Kila Mashine na Majirani Wake

Nimetoka kazini mwezi uliopita. Ninyi wa chumba cha mawasiliano mliniomba nisiende nyumbani na mambo yote kichwani, basi naandika. Vyeo nitaviruka, maana nilivyopewa vilikuwa vichache na hakuna hata kimoja kilichowahi kunisaidia kutengeneza kitu. Nitawaambia jinsi nilivyofundishwa, kosa kubwa nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe, na faili moja la mistari michache ambalo lilinifurahisha kuliko arusi yoyote niliyowahi kualikwa.

Niliajiriwa na ofisi ya afya hapa Kindu kama mpiga taipu. Siku yangu ya kwanza ikaonekana kwamba taipu haina utepe, na utepe ungetoka Kinshasa, na Kinshasa haikuwa na haraka. Mkubwa wetu hakutaka nikae bure. Akanipeleka chumba cha nyuma kwa papa Alphonse, fundi wa foni. Foni ilikuwa redio ya kusemezana na vituo vya afya vya mbali: Punia na Obokote upande wa msituni, Tunda upande wa Kibombo, na vingine. Papa Alphonse alikuwa amefanya kazi ya simu za reli kabla ya kuja kwetu. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, asiyegusa chombo kabla ya kunawa mikono kwa sabuni.

“Leo usiguse kitu, mama,” akaniambia, ingawa nilikuwa na miaka ishirini na miwili tu. “Leo utasikiliza.”

Akanivisha vifaa vya masikio. Nilisikia mchemko, kama samaki mbichi wanapoingia kwenye mafuta ya moto. Baada ya saa nzima akaniuliza nimesikia nini.

“Kelele, papa.”

“Na ndani ya kelele?”

“Kelele zingine.”

Hakucheka. Akaniambia nirudi kesho. Siku ya tisa, saa mbili asubuhi, ndani ya ule mchemko nikasikia sauti ya mwanaume akihesabu polepole: moya, mbili, tatu, ine, tano. Ilikuwa Tunda, papa Sefu muuguzi, akijaribu chombo chake. Niliruka kwenye kiti mpaka kamba ya vifaa vya masikio ikang’oka. Papa Alphonse akairudisha mahali pake, akasema, “Sasa njo umeanza kazi.” Utepe wa taipu ulifika miezi mingi baadaye. Hakuna aliyenirudisha kwenye taipu, nami sikumkumbusha mtu.

Kisha vita vikafika Maniema. Treni ikasimama, barabara zikafungwa na majani, na ndege ikitua watu walitoka nje kuitazama. Foni ikawa ndiyo njia yetu pekee ya kujua nani bado yuko hai wapi. Wenye silaha walijua hivyo pia, wakaanza kuzikusanya redio za mji. Papa Alphonse alishusha anteni kutoka juu ya mlingoti, akaifunga kati ya jiko na wodi ya wazazi, kimo cha kichwa cha mtu, akaniambia nianike mashuka juu yake. Redio yenyewe tuliificha kwenye stoo ya wazazi, nyuma ya magunia ya mchele. Redio ya zamani, iliyokufa kabla sijaajiriwa, aliiacha mezani na kuipangusa vumbi.

Walikuja asubuhi. Mkubwa wao akauliza redio iko wapi.

“Njo hii, chef,” papa Alphonse akasema kwa heshima kubwa.

Ilihitaji watu wawili kuibeba. Mmoja wao, mikono ikiwa na grisi, alijipangusa kwenye shuka letu, juu ya anteni yetu, akaenda zake. Papa Alphonse alikuwa anatazama ile alama ya grisi. “Itabidi kufua tena,” akasema.

Hapo tuligundua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Ule waya wa chini ulisikika vizuri zaidi Punia na Obokote kuliko ulipokuwa juu. Papa Alphonse alinieleza: anteni ya juu hurusha sauti mbali, ikaruka vichwa vya majirani; ya chini huirusha juu mbinguni, nayo hurudi kama mvua juu ya majirani wote. Kwa miaka ile yote tulisemezana na mkoa mzima kwa kamba ya kuanikia nguo.

Siku moja mchana Tunda haikusikika kabisa. Salumu, aliyeshika foni ya Punia, akaingia kwa sauti ya haraka. “Kindu, Kindu, minasikia Tunda. Papa Sefu iko porini na watu wake. Iko na mama mwenye amezaa, lakini kondo halijatoka. Damu iko natoka mingi. Anauliza afanye nini. Kwako.”

Nilimwita dokta Omari, akaja mbio na kukaa kwenye gunia karibu nami. Yeye alisema, mimi nikarudia, Salumu akarudia kwa papa Sefu, na majibu yakarudi njia ileile. Nawa mikono mpaka kiwikoni. Mkono mmoja juu ya tumbo, ushike kizazi. Mkono mwingine ufuate kamba ya kitovu mpaka ndani. Usivute. Tafuta ukingo, utenganishe pole pole. Kila sentensi ilisafiri mara mbili, na nilijifunza kutobadilisha hata neno moja, maana neno “pole pole” likipotea njiani mtu angekufa. Kisha tukangoja. Dokta Omari alikuwa amenishika bega bila kujua.

“Kindu,” Salumu akasema. “Kondo limetoka. Damu imepunguka.” Kisha akaongeza: “Papa Sefu anasema yule mama anaomba chai.”

Tulicheka mpaka machozi, mimi na dokta, kwenye stoo ya mchele, huku tumeziba midomo kwa mikono ili tusisikike nje. Papa Alphonse peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake nani alimsikia nani, saa ngapi. Alifanya hivyo kila siku. Kila kituo kilikuwa na ukurasa wake, na kwenye ukurasa majina ya majirani wanaokisikia.

“Hapana tafuta ile mwenye nguvu,” aliniambia. “Tafuta ile mwenye anakusikia. Na kila muntu awe na wawili, kama moja akinyamaza.”

Jambo lingine la miaka ile litawahusu baadaye kidogo. Wakati fulani ujumbe ulianza kuchanganyika. Tulimwita muuguzi wa kituo kimoja kwa jina lake la redioni, Kanga, akatujibu. Dakika tano baadaye Kanga huyohuyo alikana kwamba aliwahi kutujibu. Nilisema redio imeharibika. Papa Alphonse alisikiliza siku mbili, akasema hapana, jina moja limechukuliwa na watu wawili. Ilikuwa kweli. Muuguzi mwingine, mkimbizi, alikuwa ameokota karatasi ya majina na kujichagulia moja. Tulimpa jina lake mwenyewe, na fujo ikaisha siku ileile.

Vita vilipotulia papa Alphonse alirudi kwao Kibombo, na huko alifariki akiwa kitandani mwake, jambo ambalo wengi wa rika lake hawakulipata. Daftari aliniachia. Simu za mkononi zikaingia mjini, foni ikapungua, nikajifunza kompyuta nikiwa na miwani tayari. Sitawachosha na miaka hiyo. Nilibadilisha wino wa printa na kuwaambia watu wazime na kuwasha.

Halafu vituo vikaanza kupata intaneti, kila kimoja kwa namna yake. Obokote ilipata sahani ya setilaiti. Punia ilitumia kampuni ya simu. Tunda ilikuwa na setilaiti ya aina nyingine. Kindu tulikuwa na waya na sahani, kutegemea siku. Ofisi ikataka vituo vyote visemezane kama vile viko nyumba moja, bila mtu wa nje kusoma habari za wagonjwa. Ndipo nilipoletewa ile rezo, yaani mtandao wa mashine.

Nitawaeleza kama nilivyojieleza mwenyewe. Ni rezo iliyolala juu ya rezo. Chini, kila kituo kinatumia intaneti yoyote kiliyo nayo. Juu yake, kila mashine inajitengenezea ufunguo wa siri, na kutoka kwenye ufunguo huo inapata anwani yake, ambayo haibadiliki hata mkihamisha mashine kutoka Punia mpaka Ulaya. Hakuna mkubwa anayegawa anwani. Ndani ya faili la mipangilio unaandika majirani: huyu mpigie kwenye anwani hii, mlango huu. Basi. Huandiki vituo vyote. Unaandika jirani mmoja au wawili, na mashine zenyewe zinaulizana njia mpaka kila moja inaifikia kila nyingine, na ujumbe unapita kwa jirani ukiwa umefungwa, bila yeye kuweza kuusoma.

Niliposoma maelezo hayo mara ya kwanza nilivua miwani. Nilikwenda kabatini nikatoa lile daftari, nikaliweka karibu na kompyuta. Kurasa zile, majina yale, jirani wawili kwa kila kituo. Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini na nilikuwa na furaha ya msichana wa miaka ishirini na miwili.

Mashine zenyewe zilikuwa vijisanduku vyeusi, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni, na ndani yake kadi ndogo yenye kila kitu. Tulianza na Kindu na Obokote. Zaina, muuguzi mkuu wa Obokote, mwanamke mwenye subira kuliko mimi, alikuwa upande wa pili wa simu. Asubuhi nzima hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimesahau alama moja ya kufungia nukuu kwenye mstari wa jirani, na mashine, badala ya kuniambia hivyo, ilikaa kimya kama mtu aliyetukanwa. Nakilini faili kabla hamjaligusa. Nikaongeza alama, nikawasha upya, nikaomba orodha ya majirani. Mstari mmoja ukatokea: jirani yuko, ameunganika sekunde nne zilizopita.

“Zaina, unaniona?”

“Minakuona, mama Mwamini. Iko naandika sekunde tisa.”

“Kwangu kumi na moja.”

Tulikaa tukisomeana sekunde kama wendawazimu mpaka zikafika dakika tatu. Ofisi nzima ilikuja kuona ninacheka nini, na nilipowaonyesha mstari mmoja mweupe kwenye kioo cheusi walirudi kazini.

Tunda iliingia wiki iliyofuata. Punia ilinifundisha jambo jipya. Kampuni ya simu ilikuwa imeificha nyuma ya ukuta wake, kwa hiyo Punia iliweza kupiga nje lakini hakuna aliyeweza kuipigia. Nilipoteza siku mbili nikiandika Punia kwenye faili la Kindu, mpaka nikaelewa: aliyefichwa ndiye apige. Mstari uandikwe Punia, si Kindu. Pia tuliandika orodha ya funguo zinazoruhusiwa, ili mgeni asijiingize akawa jirani yetu bila kualikwa.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mashine ya Punia ilikuwa na kadi mbovu. Pikipiki ya kwenda Punia ilikuwa inaondoka mchana ule, na ingekaa njiani siku kadhaa za matope. Nilikuwa na nakala ya kadi ya Obokote, inafanya kazi vizuri. Nikainakili yote, nikabadilisha jina, nikampa dereva. Nilijipongeza kwa uhodari.

Pikipiki ilipofika na Punia ikawashwa, Obokote ikaanza kuugua. Inakuwepo, inapotea, inarudi. Nililaumu setilaiti. Nililaumu kablo, ule waya wake. Mungu anisamehe, nilimlaumu Zaina.

“Zima uwashe, Zaina.”

“Mama, nimezima na kuwasha mpaka kidole kinauma.”

Jambo la ajabu ni kwamba siku za mawingu mazito Punia, wakati paneli zao za jua hazitoi umeme, Obokote ilikuwa nzima kabisa. Nililiona hilo na nikaliandika kama bahati.

Mchana mmoja Zaina alituita kwa picha na sauti. Shimo la mawe ya madini lilikuwa limemfunika mchimbaji mmoja. Walimtoa akiwa hai, paja limevunjika na kupinda, na mguu chini yake ulikuwa umeanza kupoa. Dokta Feza, tuliyekuwa naye Kindu, alivuta kiti mbele ya kompyuta yangu.

“Gusa juu ya unyayo. Unasikia mapigo?”

“Hapana, dokta.”

“Lazima mguu unyooshwe sasa hivi, damu ipite. Nitakuongoza. Weka simu nione.”

Picha ikaganda. Ikarudi. Zaina alikuwa anasema kitu, hatukusikia. Ikakatika. Dokta Feza alinigeukia, akanipisha mbele ya kompyuta. Tulijaribu simu ya kawaida. Obokote haikuwa na mtandao wa simu siku ile.

Nilifungua orodha ya njia. Anwani ya Obokote ilikuwepo, ikipitia sahani ya setilaiti. Nikauliza tena: anwani ileile, lakini sasa ilikuja kutoka upande wa kampuni ya simu. Nikauliza tena: setilaiti. Tena: kampuni ya simu. Intaneti ya Obokote haipiti kampuni ya simu. Ya Punia ndiyo inayopita huko. Anwani inatoka kwenye ufunguo, na ufunguo ulikuwa kwenye kadi, na kadi nilikuwa nimeinakili yote. Nilijisemea kwa sauti, “Kanga wawili.”

Nilimpigia Salumu wa Punia, ambaye bado alikuwa kwenye kazi, mvi kichwani.

“Salumu, zima mashine.”

“Niko natuma rapoti ya mwezi, mama.”

“Zima, tafazali. Ng’oa umeme.”

Hakuuliza tena. Nilihesabu moyoni. Sekunde ya sita picha ya Obokote ikafunguka, safi, na Zaina akiwa amepiga magoti. Dokta Feza akaanza palepale alipokatwa: mmoja ashike nyonga, mwingine ashike kisigino, mvute kwa pamoja, taratibu, msiachie. Tulimsikia mchimbaji akilia. Kisha Zaina akaweka vidole juu ya unyayo, akakaa hivyo.

“Yapo,” akasema. “Mapigo yapo, dokta. Madogo, lakini yapo.”

Mguu ule haukukatwa. Anatembea na fimbo, ameacha kuchimba, amefungua shamba la mpunga.

Nilimwambia dokta Feza, Zaina na mkubwa wa ofisi kwamba kosa lilikuwa langu. Zaina akasema, “Basi kidole changu utakiomba musamaha.” Nikakiomba. Kisha nikamwongoza Salumu kwa simu kufuta mstari wa ufunguo na kutengeneza mpya, herufi kwa herufi, na Punia ikapata anwani yake yenyewe. Msinakili ufunguo wa mashine iliyo hai. Mkikumbuka jambo moja tu katika maandishi haya, liwe hilo.

Wiki ileile nilitazama faili za vituo vyote na kuona aibu nyingine: Punia na Tunda zote zilimjua jirani mmoja tu, Kindu. Nilikuwa nimejiweka katikati bila kufikiri. Sahani ya Obokote ilikuwa na anwani iliyo wazi, inaweza kupigiwa na yeyote. Nikaongeza mstari mmoja Punia na mmoja Tunda: mpigieni Obokote pia. Kazi ya dakika kumi. Hakuna aliyeona tofauti yoyote, na mkubwa wa ofisi aliniuliza kwa nini nimeandika kwenye rapoti kitu kisichoonekana.

Msimu wa mvua, radi ilipiga paa letu la Kindu. Mashine ikanuka na kufa. Mpya ilitakiwa ije kwa ndege, na ndege ilichukua siku tisa. Siku tisa sikuweza kuona kituo chochote. Nilijaribu simu, mara inaita, mara haiiti. Nilikwenda nyumbani kila jioni nikiwaza wagonjwa wote wa mkoa wamekaa wakitazama kioo cheusi kwa sababu yangu.

Mashine ilipofika niliweka ufunguo wa Kindu niliokuwa nimeuhifadhi kwenye kadi ndani ya kopo la maziwa. Safari hii kunakili kulikuwa halali, maana mwenye ufunguo alikuwa amekufa. Nikaandika majirani, nikawasha. Obokote ikatokea, kisha Tunda, kisha Punia, zote ndani ya pumzi moja. Kila mashine huweka nakala ya daftari la ujumbe wa wote, na likaanza kuteremka kwangu, siku tisa za maneno.

Punia ilikuwa imeishiwa dawa ya sumu ya nyoka. Obokote ilikuwa nayo na ilituma pikipiki. Tunda ilikuwa na mtoto mwenye degedege, na Zaina akawaongoza dozi kutoka Obokote. Salumu alituma rapoti yake ya mwezi. Mtu alimpongeza mtu kwa kupata mjukuu. Sikuona kilio mahali popote. Siku ya pili tu, katikati ya habari za dawa, Tunda iliuliza: “Na Kindu?”

Salumu alijibu: “Kindu haiko. Tuendelee.”

Nilimsomea dokta Feza mstari ule, kisha nikamsomea tena, na nilikuwa nacheka kiasi kwamba alinitafutia maji. Jioni ile niliketi nikaandika barua ya kuomba kustaafu.